Mtoto "Hashiki"? Njia ya Mwalimu wa Darasa, Kuanzia Dawatini Hadi Halmashauri

Juzi jioni mwalimu mmoja wa Pasua, hapa Moshi, alinipigia simu. "Madam, nina mtoto huku la pili, hashiki kabisa. Nimpeleke wapi?" Nikamuuliza: hashiki nini? Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga sufuria kwao. "Yaani... hashiki tu."

Simlaumu. Ana watoto zaidi ya 80 kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya nusu yao, na akitoka hapo anasahihisha madaftari mpaka usiku. Lakini hilo neno "hashiki" haliendi popote. Ukilipeleka hospitali, daktari atakuuliza kama nilivyouliza mimi. Ukilipeleka halmashauri, Afisa Elimu Maalum hana safu ya "hashiki" kwenye fomu zake. Mtoto anabaki dawati la nyuma hadi amalize shule ya msingi.

Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe. Nafundisha kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu, hapa Moshi, na elimu maalum niliisomea chuo cha ualimu Patandi, pale Tengeru. Mlioko Arusha njia ni hiyohiyo, majina ya hospitali tu ndiyo yatakayobadilika.

Hatua ya 1: Nunua daftari la mtoto mmoja

Daftari dogo la kawaida linatosha. Juu andika jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, anaishi na nani na simu ya nyumbani. Kisha kwa wiki mbili andika ulichokiona, si unachodhani. Tofauti ni hii. "Mtoto mzembe, uelewa mdogo" ni hukumu. Daftari linataka hivi:

"Jumatatu, Kiswahili. Amenakili sentensi zote za jirani yake. Kosa la jirani nalo amelinakili."

"Jumatano, Hisabati. Mvua kubwa. Hajajibu swali hata moja. Jana, hakuna mvua, alijibu matatu."

"Ijumaa. Nimemwita kwa jina akiwa ameniangalia, amekuja. Nimemwita akiwa amenipa mgongo, hakugeuka."

Ukisoma hayo matatu kwa pamoja unaanza kumwona mtoto. Bati likipigwa na mvua ya masika hata mwenye masikio mazima anasikia nusu. Mwenye tatizo hasikii kitu. Ungeandika "mzembe" usingegundua kwamba uzembe wake unafuata hali ya hewa.

Andika pia siku alizokosa shule, na kama amekuja ametia kitu tumboni. Na uliza nyumbani wanaongea lugha gani. Kule Monduli na Longido nimekutana na watoto waliopangwa kwenda kitengo cha ulemavu wa akili kumbe wanajua Kimaasai tu, Kiswahili wamekikuta shuleni. Kama mtoto anasimulia vizuri kwa lugha ya kwao, anahesabu mbuzi wa baba yake bila kukosea, na anatumwa dukani na kurudi na chenji kamili, akili yake haina shida. Mfundishe Kiswahili.

Hatua ya 2: Macho na masikio kabla ya kitu kingine chochote

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watoto wengi wanapopotea.

Macho. Chukua kadi nyeupe, chora herufi E kwa kalamu nyeusi ya wino mzito. Urefu wake uwe milimita 17 na nusu, upana vivyo hivyo, na kila mstari uwe na unene wa milimita 3 na nusu. Tumia rula, usikadirie. Pima mita 6 kwa utepe wa fundi cherehani, nje kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, halafu umgeuzie E juu, chini, kushoto, kulia. Yeye aoneshe kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Mgeuzie mara tano kila jicho. Akipata nne au tano, sawa. Akipungukiwa, kwa jicho lolote, huyo aende akapimwe na mtaalamu. Kwanza mfanyie mchezo huo karibu, mita moja, uhakikishe ameuelewa, la sivyo utapima woga badala ya macho.

Masikio. Simama nyuma yake, hatua tatu au nne za mtu mzima, mahali palipotulia. Mwenzako amzibe sikio moja kwa kidole. Sema kwa sauti ya chini maneno yanayofanana: pera, pesa, pete, pembe. Arudie. Ukisema kwa sauti kubwa, au akiona midomo yako, kipimo kimekwisha. Halafu chungulia: sikio linatoa usaha? Lina harufu? Usaha wa muda mrefu si "kawaida ya watoto", ni ugonjwa unaotibika, na ukiachwa unakula usikivu.

Vipimo hivi havimwambii mtu ana ugonjwa gani. Vinakuambia nani apelekwe haraka. Andika matokeo kwenye daftari, na tarehe.

Hatua ya 3: Nenda nyumbani, usiite mzazi kwa barua

Barua ya shule ikifika nyumbani kila mtu anajua ni mchango au ni kesi. Nenda mwenyewe, si siku ya soko, wala usiongelee mambo haya getini mbele ya watoto wengine. Huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi, na bibi anajua mambo ambayo hutayapata kwa mtu mwingine. Mmoja tulizungumza hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu, karibu. Kafanya nini tena?"

Hilo "tena" liliniuma. Maana yake shule haijawahi kufika pale kwa jambo jema.

"Hajafanya kitu, bibi. Nimekuja kujifunza kwako, wewe unamjua kunizidi. Akiwa nyuma ya nyumba na kuku, ukimwita anakuja?"

"Mpaka nimfuate. Kiburi hicho, kakitoa kwa babu yake."

"Na redio anasikiliza?"

"Redio anaipenda! Anailalia kabisa, hivi." Bibi akalaza kichwa juu ya meza, sikio la kulia likiwa chini. Akakaa hivyo kidogo, kisha akainuka taratibu akinitazama. "Mwalimu. Hili la kushoto lilikuwa linatoa uchafu alipokuwa mdogo. Tukawa tunamtia mafuta."

Sikumwambia lolote kuhusu mafuta siku ile. Baadaye, tukiwa tumezoeana, nilimweleza kwamba sikio linalotoa usaha halitiwi kitu mpaka mhudumu wa afya aseme. Ningeanza na hilo, mlango ungefungwa.

Na wewe usimpe mzazi jina la ulemavu. Si kazi yetu kusema "huyu ana usonji" au "huyu ana ulemavu wa akili". Sema ulichoandika kwenye daftari, msomee hata, kisha muombe mwende pamoja hatua inayofuata. Mzazi akikuuliza kama amerogwa, usicheke wala usibishane naye. Mwambie kuombewa hakuzuii kupimwa.

Hatua ya 4: Badilisha darasa, hata kabla ya majibu ya hospitali

Wengi wanangoja cheti cha daktari ndipo wamsogeze mtoto mbele. Kumsogeza mbele hakuhitaji cheti.

Asiyeona vizuri: kaa kwenye dawati lake mwenyewe saa mbili asubuhi na tena saa sita, utazame ubao. Madarasa yetu mengi ubao unang'aa upande mmoja asubuhi, maandishi hayaonekani kabisa, na mwalimu aliyesimama mbele hawezi kujua. Andika kwa herufi kubwa, usome kwa sauti kila unachoandika, na umruhusu ainuke aende ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara. Hata hivyo kunakili kunamchosha. Mpe kitabu au daftari la mwenzake.

Mwenye ualbino karibu siku zote ana uoni hafifu pia, kwa hiyo hayo ya juu yanamhusu yote, na kuna la jua. Paredi ya asubuhi asimame kivulini. Zamu yake ya usafi iwe ndani au chini ya miti. Kofia pana na mikono mirefu si utovu wa sare, mwalimu wa zamu aambiwe. Mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun yanatengenezwa hapahapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Muulize mzazi kama ameyapata.

Asiyesikia vizuri akae mbele, sikio lililo bora likielekea kwako, mbali na dirisha la barabarani. Usifundishe umegeukia ubao. Mvua ikianza, andika badala ya kusema. Kiziwi kabisa anahitaji lugha ya alama na watu wa kuongea nayo, na hilo dawati la mbele haliwezi kulimaliza, tutalifikia.

Kifafa kinawaogopesha walimu kuliko yote. Mtoto akianguka, ondoa madawati na mawe karibu yake, weka sweta chini ya kichwa, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtetemeko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Ukipita dakika 5 bila kukoma, au ukirudia kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali. Povu haliambukizi, waambie watoto hivyo palepale, mbele yao, huku umemshika mkono. Zamu ya kuwasha moto au kuchota maji kisimani asipewe. Kisha andika kwenye daftari: saa ngapi, dakika ngapi, upande gani ulianza. Daktari atakushukuru.

Anayejifunza polepole sana mpunguzie hatua, usimpunguzie heshima. Kunawa mikono, kwetu kitu kimoja, kwake ni vitu saba: fungua koki, lowanisha, chukua sabuni, sugua, suuza, funga koki, kausha. Fundisha kimoja mpaka kikae. Picha za kuchora kwa mkono zilizobandikwa ukutani kwa mpangilio wa siku zinasaidia sana, hasa kwa wenye usonji ambao mabadiliko ya ghafla yanawavuruga. Na kengele ya shule, ile rimu ya gari inayogongwa na nondo, wengine inawaumiza kweli; mtoe kidogo kabla haijagongwa.

Wa kiti mwendo: kila sentimita 1 ya kimo cha ngazi inataka sentimita 12 za mteremko. Ngazi ya sentimita 15 ni mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Fundi akikujengea mfupi zaidi "ili saruji itoshe", mtoto atasukumwa kama gunia au atarudi kinyumenyume. Choo cha shimo kinatatulika kwa kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, seremala yeyote wa mtaani anakiweza. Hayo mawili yapeleke kamati ya shule kwa pamoja. Nimegundua wajumbe wakikubali mteremko wanajisikia wamemaliza, na choo kinasahaulika mwaka mzima.

Hatua ya 5: Hospitali, na barua yenye maombi mawili

Anzia zahanati au kituo cha afya ili mpate rufaa, hasa kama familia ina bima. Kwa Moshi rufaa itaenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC. KCMC kuna idara za macho, masikio na mifupa, kuna tiba kazi kwa watoto, na ndani ya eneo lake kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya mifupa tangu 1981. Kwa Arusha mtaanzia hospitali ya Mount Meru. Kabla ya mama kupoteza siku ya kibarua, piga simu au tuma mtu aulize kliniki husika ni siku gani.

Barua yangu huwa fupi:

"Kwa Daktari. Mtoto huyu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Kwa wiki mbili tumeona haya: hageuki akiitwa kutoka nyuma, hajibu darasani siku za mvua, bibi yake anasema sikio la kushoto lilitoa usaha kwa muda mrefu. Tunaomba apimwe usikivu. Tunaomba pia utuandikie akae upande gani wa darasa na kama anahitaji kifaa. Jibu lako litatunzwa kwenye daftari lake shuleni."

Ombi la pili ndilo tunalolisahau. Bila hilo mama anarudi na kikaratasi cha dawa, na wewe mwalimu hujui ufanye nini Jumatatu.

Hatua ya 6: Ofisini

Njia ni mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Maalum wa halmashauri. Usiruke mtu, lakini pia usikabidhi barua bila kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Peleka: muhtasari wa ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari, majibu ya hospitali, na unachoomba, kimoja au viwili, si kumi. "Tunaomba apimwe na timu ya upimaji ya halmashauri" ni ombi. "Tunaomba msaada" halijibiki.

Hakikisha jina lake limeingia kwenye takwimu za shule, kwenye aina sahihi ya ulemavu. Vifaa na walimu vinapangwa kwa namba hizo. Shule inayojaza sifuri kila mwaka kwa sababu "hatuna walemavu hapa" haiwezi kulalamika kwamba haijaletewa mwalimu wa kitengo.

Kuna mwalimu mkuu atakayekuambia mtoto huyu si wa hapa. Mjibu kwa adabu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalum. Hapo ndipo penye suala la kiziwi na la asiyeona kabisa. Asiyeona anahitaji nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, na shule ya Mwereni hapa mjini wana uzoefu nayo. Kiziwi, familia nyingi za mkoa huu zinafikiria shule ya viziwi ya Mwanga. Maoni yangu, na wenzangu hawakubaliani nami wote: kwa kiziwi mdogo nisingeng'ang'ania ujumuishi ambao maana yake ni kukaa peke yake katikati ya watoto 80 wanaochekea vitu asivyovisikia. Wengine wote, ningeng'ang'ania wabaki shule ya karibu na kwao.

Akishakubalika kubaki, kaeni mzazi, wewe na mwalimu mkuu mwandike mpango wake wa muhula. Malengo matatu yanatosha. "Aweze kuandika jina lake bila kunakili ifikapo Juni" linapimika. "Aendelee vizuri" halipimiki, futa.

Hatua ya 7: Mtihani hausubiri

Baraza la Mitihani lina utaratibu wa karatasi za nukta nundu, za maandishi yaliyokuzwa, na wa kuongeza muda kwa wenye mahitaji hayo: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini karatasi zinaandaliwa kutokana na usajili. Asiyeandikwa kwenye usajili, siku ya mtihani hana chake.

Hili nalijua kwa aibu. Shule niliyokuwa nayo zamani tulikuwa na binti mwenye ualbino, mwepesi wa hesabu kuliko wote. Mtihani wa darasa la nne akaletewa karatasi ya maandishi ya kawaida. Nilimwona ameinamisha uso hadi pua inagusa meza, anasogeza karatasi badala ya macho. Aliishia nusu. Mwalimu wa taaluma alidhani nimejaza mimi, mimi nikadhani amejaza yeye. Tangu siku hiyo naomba nioneshwe orodha ya usajili kwa macho yangu kabla haijatumwa, na simwamini mtu anayesema "ile tulishaweka". Mzazi pia aoneshwe.

Zoezi la kutumia huo muda wa ziada lianze mapema, kwenye majaribio ya kawaida. Mtoto asiyewahi kupewa muda wa ziada anaona aibu kubaki wenzake wakitoka, anakusanya karatasi tupu.

Hatua ya 8: Januari

Mwalimu anahamishwa Januari, mtoto anapanda darasa, daftari limo kwenye mkoba wa mwalimu aliyekwenda Siha. Kila kitu kinaanza upya: hashiki. Kwa hiyo daftari lilale kabatini kwa mwalimu mkuu, siyo kwenye mkoba wako. Unapolikabidhi kwa mwalimu mpya, kaa naye dakika 15, msomee kurasa tatu za mwisho, muoneshe mtoto anakaa wapi na kwa nini. Piga picha kila ukurasa wenye muhuri, mtumie mzazi kwa WhatsApp. Akienda sekondari, picha hizo zinakwenda naye.

Yule mwalimu wa Pasua alinipigia tena baada ya wiki mbili. Safari hii alikuwa na daftari mkononi, nikasikia anafungua kurasa.

"Madam, anashika vya juu ya ubao tu. Vya chini hashiki."

"Amekaa wapi?"

Akafikiri. "Nyuma ya wale mapacha wa Mama Grayson. Wale warefu."

Nikamwambia amhamishe kesho asubuhi, na kadi ya E aichore hivyo hivyo.

"Milimita ngapi vile?"